Kuwaenzi Mbwa wa Kijeshi Waliofia Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya waongozaji wa mbwa, familia zao, walimu wa historia, na yeyote aliyeombwa kutayarisha kumbukumbu ya mbwa aliyekufa akilitumikia jeshi na hajui aanzie wapi. Neno "mwongozaji" linapotumika hapa, linamaanisha askari aliyekabidhiwa mbwa, anayemlisha, anayefanya naye mazoezi na anayekwenda naye kazini.

Ni mbwa yupi anayehesabiwa kuwa amefia kazini?

Wengi humfikiria yule aliyepigwa risasi au aliyelipukiwa na bomu akiwa mbele ya askari wake. Hao wapo, lakini daftari la vifo vya mbwa wa kijeshi lina sababu nyingi zaidi ya hizo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu; hujipoza hasa kwa kuhema, na anapofanya kazi kwenye jua kali kwa bidii ile aliyofunzwa, joto la mwili laweza kumzidi na kumuua kabla mwongozaji hajazitambua dalili. Tumbo la mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu laweza kujaa gesi na kujipinda, na asipopasuliwa haraka hufa; ndiyo maana jeshi la Marekani limekuwa likiwafanyia mbwa wake upasuaji wa mapema wa kulishikiza tumbo kwenye ukuta wa mwili. Katika vita vya Vietnam, ugonjwa ulioenezwa na kupe uliwamaliza mbwa wengi ambao hakuna adui aliyewahi kuwalenga: walitokwa na damu puani, wakadhoofika, wakafia mabandani.

Utaratibu ulio wa haki ni kumhesabu kila mbwa aliyekuwa bado kwenye orodha ya kikosi siku alipokufa, awe alikufa mapambanoni, mazoezini, safarini au hospitalini, na kisha kuitaja sababu ya kifo jinsi ilivyokuwa. Hakuna haja ya kumhamishia uwanja wa vita mbwa aliyeuawa na joto. Yeye pia alikuwa kazini, na mwongozaji wake anaijua siku hiyo kuliko mtu yeyote atakayesoma maandishi ya kwenye jiwe.

Mbwa hakuchagua kwenda vitani. Je, kumwita shujaa si kujidanganya?

Swali hili ni la haki na halipaswi kujibiwa kwa hasira. Mbwa anayenusa vilipuzi hajui kwamba kilichofukiwa ardhini kinaua. Amefundishwa kwamba akiipata harufu fulani na kuketi au kulala karibu nayo bila kuigusa, atapewa mpira wake na kusifiwa na mtu anayempenda kuliko wote. Kwake yeye, msako ni mchezo wenye zawadi mwishoni. Wajenzi wa mnara wa kumbukumbu ya wanyama wa vitani uliozinduliwa London mwezi Novemba 2004, kando ya bustani ya Hyde Park, waliliona jambo hilo wakalichonga waziwazi kwenye ukuta: kwamba wanyama hao hawakuwa na hiari.

Kwa maoni yetu, maneno hayo yanaeleza kwa nini kumbukumbu inadaiwa. Askari aliyejitolea aliweza kupima hatari na kuikubali. Mbwa alipelekwa na sisi. Kama neno "shujaa" linakukwaza, liache. Andika alichofanya, mahali alipokifanya, na watu waliorudi nyumbani salama kwa sababu yake, na msomaji atachagua neno lake mwenyewe.

Je, ni kweli kwamba mbwa huwa na cheo cha juu kuliko mwongozaji wake?

Ni desturi, hasa katika jeshi la Marekani, ambamo mbwa husemwa kuwa anamzidi mwongozaji wake kwa cheo kimoja. Lengo lake ni kumkumbusha askari kwamba kumtendea mbwa vibaya ni sawa na kumkosea mkubwa wake. Si cheo cha kisheria, hakina mshahara, na kwenye maandishi rasmi ya kumbukumbu ni vizuri kisitajwe kana kwamba kilitolewa na makao makuu.

Kwa nini husemwa kwamba zamani mbwa walihesabiwa kuwa vifaa?

Kwa sababu ndivyo walivyoandikwa. Katika vitabu vya jeshi la Marekani, kwa miaka mingi mbwa alikuwa mali ya serikali kama gari au redio, na kikosi kilipoondoka, kisichohitajika kiliachwa. Wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilipeleka huko mbwa wapatao 4,000, wakiwamo wa doria, wa kufuata nyayo, wa kulinda kambi na wa kugundua mitego. Walioletwa nyumbani walikuwa takriban 200 tu. Wengine walikuwa wamekufa. Waliobaki hai walikabidhiwa jeshi la Vietnam Kusini au waliuawa kwa sindano. Waongozaji wengi walipanda ndege wakiwa wamewaacha mabandani mbwa waliowaokoa, na baadhi yao wamelisimulia jambo hilo uzeeni kwa uchungu uleule.

Lugha yetu yenyewe inakataa mpangilio huo. Kifaa huharibika, hupotea, hufutwa kwenye orodha. Mbwa hufa, na huwezi kusema kwa Kiswahili kwamba mbwa "kimeharibika" bila mtoto wa shule ya msingi kukusahihisha. Sarufi ilikwisha kumweka upande wa viumbe wenye uhai muda mrefu kabla ya wabunge kulifikia jambo hilo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba haikuwa lazima mambo yawe hivyo, kwa sababu yalikwisha kufanywa vizuri zaidi hapo kabla. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mbwa wengi wa jeshi la Marekani walikuwa wametolewa na raia kutoka majumbani, na vita vilipokwisha sehemu kubwa yao walifundishwa upya maisha ya uraiani na kurudishwa kwa wenyewe. Kilichotokea Vietnam kilikuwa uamuzi wa watu. Mabadiliko ya sheria yalikuja Novemba 2000, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria inayojulikana kwa jina la mbwa Robby, ambaye mwongozaji wake wa zamani alikuwa ameomba kumchukua. Tangu hapo mbwa wanaostaafu wanaweza kukabidhiwa kwa waongozaji au kwa raia wanaofaa.

Katika kambi ya Lackland iliyoko San Antonio, Texas, ambako mbwa wa majeshi yote ya Marekani hufundishwa, mnara wa kitaifa ulizinduliwa mwezi Oktoba 2013. Una sanamu za mbwa wa aina nne: Doberman, German Shepherd, Labrador na Malinois. Pembeni kuna sanamu nyingine ambayo wageni wengi hukaa nayo zaidi: askari wa enzi za Vietnam ameketi, akimmiminia mbwa wake maji kutoka kwenye chupa yake, na chini yake kuna chemchemi ambamo mbwa hai wanaweza kunywa.

Medali ya Dickin ni nini, na ni nani huitoa?

Ni medali ya Uingereza inayotolewa na shirika la hisani la PDSA, ambalo lilianzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 ili kuwatibu wanyama wa watu maskini. Yeye ndiye aliyeianzisha medali hiyo mwaka 1943, alipoona kwamba wanyama walikuwa wakifanya mambo makubwa vitani bila kutambuliwa. Ni ya shaba nyeusi, na imeandikwa maneno yenye maana ya "Kwa Ushujaa" na "Nasi Pia Tunahudumu." Utepe wake una rangi ya kijani, kahawia na samawati, kuwakilisha bahari, nchi kavu na anga.

Watu hushangaa wanapoambiwa kwamba waliotangulia kuipata hawakuwa mbwa, bali njiwa watatu waliobeba habari za marubani walioanguka. Kati ya mwaka 1943 na 1949 ilitolewa mara 54: njiwa 32, mbwa 18, farasi 3 na paka mmoja. Baada ya hapo ilikaa kimya kwa nusu karne, kisha ikaanza kutolewa tena mwaka 2000. Isichanganywe na Medali ya Dhahabu ya shirika hilohilo, ambayo hutolewa kwa wanyama waliofanya kazi ya ushujaa nje ya jeshi. Hiyo ndiyo aliyopewa Magawa, panya buku aliyefunzwa Tanzania na kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, mwaka 2020.

Je, mbwa aliyekwisha kufa anaweza kupewa medali?

Ndiyo, na imetokea mara kadhaa. Gander, mbwa mkubwa mweusi wa aina ya Newfoundland, alikwenda Hong Kong pamoja na askari wa Kanada. Mwezi Desemba 1941, guruneti lilipotua karibu na kundi la askari waliojeruhiwa, alilichukua kwa mdomo akakimbia nalo, likamlipukia. Askari wale walinusurika. Medali ya Dickin aliyopewa mwaka 2000 ndiyo iliyovunja ule ukimya wa nusu karne.

Sasha, mbwa wa kike wa aina ya Labrador, aliuawa Afghanistan mwezi Julai 2008 pamoja na mwongozaji wake, naye alitunukiwa mwaka 2014. Kisa cha Theo kinahitaji kusimuliwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kimetiwa chumvi mara nyingi. Theo alikuwa mbwa wa kunusa vilipuzi wa jeshi la Uingereza, aina ya Springer Spaniel. Tarehe 1 Machi 2011 mwongozaji wake alipigwa risasi akauawa katika jimbo la Helmand, Afghanistan. Saa chache baadaye, Theo alipofikishwa kambini, alipatwa na kifafa naye akafa. Vyombo vya habari viliandika kwamba moyo wake ulivunjika kwa huzuni. Huenda familia ilifarijika kwa maneno hayo, na hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Lakini anayeandika kumbukumbu rasmi aandike kilichoonekana: wawili hao walifanya kazi pamoja, walikufa siku moja, na majivu ya Theo yalirudishwa nyumbani kwa ndege moja na mwili wa askari wake. Hayo yanatosha kumwinamisha msomaji kichwa. Theo alitunukiwa medali mwaka 2012.

Kwa nini majeshi yenyewe hayatoi nishani zile zile wanazopewa askari?

Baadhi yamejaribu na yakarudi nyuma. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Chips, mbwa chotara aliyetolewa na familia moja ya jimbo la New York. Mwezi Julai 1943, jeshi la Marekani lilipotua Sicily, alimponyoka mwongozaji wake akaivamia ngome ndogo yenye bunduki ya rashasha. Askari waliokuwa ndani walitoka wakajisalimisha. Alipewa nishani za juu, ikiwamo ile ya waliojeruhiwa vitani. Ndipo yakaja malalamiko kwamba kumvisha mbwa nishani hizo ni kuwadhalilisha watu waliozipata kwa damu yao, na Chips akanyang'anywa. Askari wa kikosi chake walimtunuku alama zao wenyewe bila kumwuliza mtu. Alirudi kwa familia yake mwaka 1945 na kufa mwaka uliofuata. Mwezi Januari 2018 alipewa Medali ya Dickin.

Ukimsikiliza kila upande, utaona kwamba waliolalamika hawakuwa watu wabaya. Nishani ya askari hutambua uamuzi wa hiari mbele ya kifo, na mbwa hana uamuzi wa namna hiyo. Suluhisho lililokubalika katika nchi nyingi ni kuwa na tuzo za wanyama peke yao. India imechukua njia ya tatu: jeshi lake huwataja mbwa waliofia kazini kwenye orodha rasmi ya waliotajwa kwa sifa katika taarifa za kijeshi, kama ilivyofanywa kwa Axel na Zoom, waliouawa Kashmir mwaka 2022. Kutajwa kwenye waraka wa serikali, kwa jina, huenda kukadumu kuliko kipande cha shaba.

Ni makaburi na minara gani inayojulikana?

Iko mingi, na hatutaiorodhesha yote. Mojawapo ya mikongwe iko Hartsdale, New York, kwenye makaburi ya wanyama wa nyumbani, tangu mwaka 1923. Ni mbwa wa shaba aliyevaa kitambaa cha Msalaba Mwekundu, na miguuni pake kuna kofia ya chuma na chupa ya maji iliyobonyea. Ufaransa ilizindua mnara wa kitaifa mwaka 2022 huko Suippes, mahali penye kambi ya kikosi chake cha mbwa.

Anayetaka kuelewa maana ya kazi hii asome habari za Guam. Mwezi Julai 1944 wanamaji wa Marekani walitua kwenye kisiwa hicho cha Pasifiki kukitwaa tena kutoka kwa Wajapani, wakiwa na mbwa, wengi wao Doberman. Mbwa walikwenda mbele ya doria wakinusa waviziaji, waliingia mapangoni, na usiku walilinda kwenye mahandaki ili watu wapate usingizi. Wa kwanza kufa alikuwa Kurt, baada ya kuwatahadharisha wanamaji kwamba kikosi cha adui kilikuwa mbele yao. Vita vilipokwisha mbwa 25 walikuwa wamekufa, na karibu wote wakazikwa huko huko kwenye makaburi yao, karibu na askari.

Baadaye makaburi ya watu yalihamishwa na ya mbwa yakabaki, yakamezwa na majani. Daktari wa mifugo William Putney, aliyekuwa afisa wa mojawapo ya vikosi hivyo vya mbwa, alirudi miaka mingi baadaye akaikuta hali hiyo, naye hakunyamaza. Tarehe 21 Julai 1994, miaka 50 kamili tangu kutua kwao, mnara ulizinduliwa kwenye kambi ya wanamaji ya Guam: Doberman wa shaba amelala, kichwa kimeinuliwa, masikio yamesimama, kazi ya mchongaji Susan Bahary. Chini yake yameandikwa majina yote 25. Kuna Kurt, kuna Skipper, Missy, Cappy, na wenzao. Hakuna maneno "na wengineo." Hilo ndilo tungependa kila kamati ya kumbukumbu iige.

Hafla ya kumuaga mbwa huendeshwaje?

Hakuna mwongozo mmoja, lakini vikosi vingi vimefika kwenye alama zinazofanana. Banda tupu huwekwa mbele ya waliohudhuria, mlango wake ukiwa wazi. Kola na kamba hutundikwa mahali panapoonekana. Bakuli la chakula hupinduliwa kifudifudi, ishara kwamba mwenyewe hatakula tena. Picha yake huwekwa pembeni, na mara nyingi mpira wake, uliojaa alama za meno.

Mkuu wa kikosi husoma maelezo mafupi ya utumishi: alizaliwa lini, alijiunga lini, alifundishwa kazi gani, alitumwa wapi, aligundua nini, alikufaje. Kisha huzungumza mwongozaji, kama anaweza. Asilazimishwe. Wapo waongozaji waliokwenda vitani mara tatu bila kutetemeka na wakashindwa kulitamka jina la mbwa mbele ya kipaza sauti. Katika hali hiyo rafiki asome kwa niaba yake, na yeye asimame tu pale. Mwishoni huitwa orodha ya mbwa wa kikosi, mmoja mmoja, na kila mwongozaji hujibu kwa niaba ya mbwa wake hadi linapofika jina lisilojibiwa. Huitwa mara ya pili, na ya tatu. Kisha saluti, na dakika ya ukimya ambayo, tukubali, mbwa wengine waliohudhuria huwa hawaiheshimu.

Ushauri wetu ni kwamba hafla isizidi nusu saa, na hotuba za wageni waalikwa ambao hawakumjua mbwa ziwe chache au zisiwepo.

Je, kumfanyia mbwa gwaride si kuwavunjia heshima askari waliokufa?

Inaweza kuwa hivyo ikiwa kila kitu cha maziko ya binadamu kitanakiliwa bila kufikiri. Familia iliyopokea bendera iliyokunjwa kutoka kwenye jeneza la mtoto wao inaweza kuumia ikiona bendera hiyohiyo ikikunjwa vivyo hivyo juu ya sanduku la mbwa, na kanuni za bendera hutofautiana kati ya nchi na nchi, ulizia kwanza. Tumia bendera ya kikosi, au blanketi la mbwa mwenyewe. Risasi za heshima zinaweza kuachwa. Alama za kibanda, kola na bakuli zimependwa hasa kwa sababu ni za mbwa, hazijaazimwa kwa mtu yeyote.

Pale mbwa na mwongozaji walipokufa pamoja, familia ya askari ndiyo yenye neno la kwanza na la mwisho. Wengine hutaka wawili hao wakumbukwe kwenye kibao kimoja. Wengine hutaka mtoto wao asimame peke yake. Yote mawili ni sawa, na kikosi kisiwashawishi.

Ni siku gani za mwaka zinazotumika kuwakumbuka?

Nchini Marekani ni tarehe 13 Machi, kwa kukumbuka kuanza kwa mpango wa mbwa wa jeshi mwaka 1942. Australia hutumia tarehe 24 Februari kwa wanyama wote wa vitani. Nchini Uingereza, ua jekundu la popi huvaliwa kwa ajili ya kuwakumbuka watu waliofia vitani. Popi la zambarau lilianza kuvaliwa mwaka 2006 kwa ajili ya wanyama. Kikosi chochote kinaweza pia kushika siku aliyokufa mbwa wake, na hilo halihitaji kibali.

Tuandike nini kwenye jiwe au kibao?

Jina, namba ya utambulisho, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kazi yake, mahali alipofia, na kikosi. Namba inaonekana kuwa jambo dogo, lakini majina kama Rex na Max yamejaa kwenye madaftari ya kila jeshi, na baada ya miaka 40 mtafiti hataweza kuwatofautisha. Mbwa wa jeshi la Marekani huchorwa namba hiyo sikioni. Kwingine huwekewa kifaa kidogo cha utambulisho chini ya ngozi. Inakili kabla mwili haujachomwa.

Usiandike idadi ya "maisha yaliyookolewa" isipokuwa una hesabu unayoweza kuitetea. Tunajua kishawishi kilivyo kikubwa. Bomu lililogunduliwa lingeweza kuua watu kumi, au mmoja, au lisilipuke kabisa. Idadi ya mabomu yaliyopatikana inajulikana, idadi ya waliookolewa ni makisio. Yaandike mabomu.

Tumwambie nini mwongozaji aliyefiwa?

Msimwambie kwamba atapewa mwingine. Ni kweli atapewa, pengine mapema kuliko anavyotaka, kwa kuwa kazi haisimami. Lakini kuambiwa hivyo katika wiki ya kwanza ni kuambiwa kwamba aliyekufa alikuwa na mbadala ghalani. Msimwambie pia kwamba "alikuwa mbwa tu," hata kwa nia ya kumtuliza. Kwa miezi au miaka, askari huyu alilala karibu na mnyama yule, alisoma mkao wa mkia na masikio yake kama mtu anavyosoma ramani, na alikanyaga ardhi pale tu mbwa alipokwisha kupita.

Mwulizeni habari zake. Alipenda nini, aliogopa nini, alikuwa na ukorofi gani. Waongozaji wengi hawana pa kuyasema hayo. Wapo pia wanaobeba hatia: kwamba walichelewa kuona dalili za joto, kwamba walimtuma upande wa kushoto badala ya kulia. Hatia ya namna hiyo haiondoki kwa maneno ya marafiki peke yake, na hapo ni wajibu wa mkuu wa kikosi kumfikisha askari kwa mshauri nasaha kama ambavyo angefanya kama angefiwa na askari mwenzake.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara. Mbwa wa jeshi huwa na waongozaji kadhaa katika maisha yake, kwani askari huhamishwa na mbwa hubaki. Kikosi kiwatafute wote na kuwapa habari kwa simu, kabla hawajaiona picha yake ikiwa na mshumaa kwenye simu ya mtu mwingine.

Kola, kamba na majivu ni vya nani?

Kisheria, kwa kawaida ni vya jeshi. Kwa desturi, kola na kamba hupewa mwongozaji wa mwisho, na majivu hupewa yeye au huzikwa kambini. Wakikubaliana waongozaji wawili kugawana, kola kwa mmoja na kamba kwa mwingine, hakuna ubaya. Uamuzi huu ufanywe kwa maandishi na mapema, kwa kuwa ugomvi juu ya kola ya mbwa aliyekufa unaweza kugawanya kikosi kwa muda mrefu.

Kuna watu wanachangisha fedha za mnara. Tutajuaje kama ni wa kweli?

Uliza ni kikosi gani kimeridhia, nani anamiliki ardhi, na nani atafyeka majani baada ya miaka ishirini. Asiyeweza kujibu la tatu bado hajawa tayari kupokea fedha zako, hata kama ni mwaminifu.

Mbwa aliyefariki baada ya kustaafu, je, naye anastahili kaburi na jiwe?

Anastahili, ingawa jeshi halina wajibu huo tena na mara nyingi kazi humwangukia mtu mmoja. Judy, aina ya Pointer, alizaliwa Shanghai mwaka 1936 akawa mbwa wa meli za kivita za Uingereza. Meli yake ilipozamishwa mwaka 1942 alinusurika, akaishia kwenye kambi za mateka za Wajapani huko Sumatra, ambako askari wa jeshi la anga Frank Williams aligawana naye ubwabwa wake. Williams alifanikiwa kumfanya aandikishwe rasmi kuwa mateka, kwa namba 81A, ili walinzi wasimuue ovyo. Yeye ndiye mbwa pekee aliyepata kuandikishwa hivyo katika vita vile. Alitunukiwa Medali ya Dickin mwaka 1946.

Miaka miwili baadaye Williams alipata kazi Tanganyika, kwenye mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, akamchukua. Judy alifia Nachingwea tarehe 17 Februari 1950, baada ya kuugua uvimbe. Williams alimvika koti dogo la jeshi la anga, akamzika, kisha akatumia wiki nyingi akijenga kaburi kwa mawe ya matale na marumaru, akaliwekea kibao kilichosimulia maisha yake tangu Shanghai.